Uso wa Saluni

Studio ilikuwa kwenye barabara ya nyuma ya soko la Nakuru, daktari wa meno akiwa ghorofani juu yetu na duka la mbegu likitazamana nasi ng'ambo. Mwenye studio alikuwa mzee wa Kihindi aliyezaliwa mji huohuo. Baba yake alikuwa amepiga picha za harusi kwa kamera ya miguu mitatu, na kamera hiyo bado ilisimama dirishani kama pambo. Mimi niliajiriwa kukaa kwenye kompyuta. Nilikuwa nikiskani picha kuukuu, nikifuta mikunjo, nikisafisha picha za pasipoti na kuzichapisha. Mtandao ulikuwa umeingia studio kwa waya wa simu, na asubuhi wateja wakiwa bado wachache niliruhusiwa kuutumia.

Ndivyo nilivyolipata jukwaa la wachoraji. Watu wa nchi mbalimbali waliweka kazi zao pale, na wengine wakaandika maoni chini yake kwa Kiingereza. Michoro yenyewe haikunishika sana. Kilichonishika ni sheria yao. Mtu hakuruhusiwa kuweka kazi yake kabla ya kutoa maoni juu ya kazi ya mwenzake, na maoni ya aina ya "hongera" au "nzuri sana" yalifutwa na wasimamizi. Ulitakiwa useme umeona nini, mahali gani, na kwa nini unadhani kimekaa vile. Nikazoea kusoma mabishano yao jinsi watu wengine wanavyosoma kurasa za michezo. Watu wasiojuana walibishana kwa upole, siku nenda siku rudi, juu ya kivuli cha birika.

Mjini kwetu desturi hiyo haikuwako. Mchoraji wa mabango akimaliza ukuta wa bucha, wenzake hupita wakisema "iko sawa" na kuendelea na safari. Kumkosoa mbele ya mteja ni kumnyang'anya unga. Kumkosoa kando ni kumwambia kwamba unajiona. Na huo ulikuwa mwaka 2008, watu wakipima maneno kuliko kawaida. Vurugu za baada ya uchaguzi zilikuwa zimepoa na maduka yamefunguliwa, lakini mtu aliyekuwa jirani yako Desemba huenda sasa alikuwa akiishi kwenye hema. Hata salamu ilitolewa kwa tahadhari. "Iko sawa" lilikuwa jibu salama kwa maswali mengi.

Fundi ninayemkumbuka hapa alikuwa mchoraji wa mabango, mtu wa makamo, mwenye ovaroli ya bluu iliyobeba rangi za nusu ya maduka ya mji. Vinyozi, saluni, zahanati, shule za chekechea, hoteli za chai, mkono wake ulikuwa kila mahali. Mwaka huo mashine ya kuchapisha mabango ya plastiki ilifika Nakuru, na wateja wake wakaanza kumkimbia. Bango la mashine lilikuwa tayari kabla yeye hajamaliza kupiga ubao msasa. Shemeji yake wa Karagita alikuwa amemtafutia nafasi ya kufunga maua kwenye shamba moja kando ya Ziwa Naivasha, na mkewe alitaka aende. Yeye alikuwa na wazo lingine. Alitaka kuchora picha za marehemu.

"Ukikuza picha ya kipande kwa hiyo kompyuta yako," aliniambia, "unapata nini? Mchele. Watu wanataka kuona mama yao, si mchele."

Alikuwa sahihi. Picha ndogo ya kitambulisho ikikuzwa ilivunjika ikawa punje. Alianza kuleta michoro yake ya majaribio niiskani, nami nikamwonyesha jukwaa. Kiingereza chake kilikuwa kile cha mabango tu, cha bei ya jumla na karibu tena, kwa hiyo tulikubaliana nimsomee kwa Kiswahili na kumwandikia majibu. Mchoro wake wa kwanza ulikuwa wa mwanamke mwenye kikapu. Maoni yalipoanza kuingia, alivuta stuli karibu.

"Wanasema nini?"

"Wengine wanasifu. Wengine wanakosoa." Chai ya kibanda ilikuwa mezani, vikombe viwili. "Nikusomee na maziwa ama strungi?"

Akacheka. "Strungi, madam. Maziwa nitakunywa nyumbani."

Basi nikawa namsomea kavu, bila maziwa, sentensi kwa sentensi, na yeye akawa anapokea akiangalia kidole gumba chake. Kupokea hakukumsumbua sana. Kilichomsumbua ni kutoa. Mara ya kwanza alipotakiwa kutoa maoni juu ya mchoro wa mtu mwingine, wa farasi, alisema, "Mwambie amejaribu." Wasimamizi wakafuta. Akasema, "Basi mwambie Mungu ambariki." Wakafuta.

"Wamefuta mpaka baraka?"

"Fundi," mwenye studio akasema kutoka kaunta, bila kuinua macho kwenye hesabu zake, "huko hawataki baraka. Wanataka sababu."

Fundi alikaa kidogo, kisha akasimama. "Geuza hiyo kitu iangalie mlango," akaniambia. Nikageuza kompyuta. Akatoka nje, akasubiri mkokoteni upite, akavuka barabara, akasimama mbele ya duka la mbegu na kukodoa macho. Hivyo ndivyo alivyokuwa akikagua mabango yake maisha yote, kwa sababu bango husomwa na mtu aliye ng'ambo. Aliporudi alikuwa na la kusema.

"Huyo farasi wake, ukiwa kule, ni kabati."

"Kwa nini?"

"Miguu iko na giza sawa na tumbo. Haisomeki. Aweke mwanga hapa katikati, farasi atatoka."

Niliandika hivyohivyo. Mwenye farasi alirekebisha, akaweka picha mpya na kushukuru. Baada ya hapo watu walianza kumwomba maoni kwa hiari yao. Walimjua kama mtu wa ng'ambo ya barabara. Mwenye duka la mbegu naye akazoea kumwona amesimama mlangoni pake akitukodolea macho, akamwekea kigoda.

Kisha akaja mama mmoja wa Subukia, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, akiwa na kitambulisho cha mama yake. Mama alikuwa amefariki kwa uzee, na hiyo ndiyo picha pekee aliyowahi kupigwa. Ukoo ungekutana nyumbani kwao kwa maombi ya ukumbusho, na binti alitaka picha kubwa ya kuweka sebuleni. Mwenye studio alimkuzia kwenye kompyuta ili ajionee mchele, kisha akamwelekeza kwa fundi. Walikubaliana haraka. Yule mama hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Ikiwa ni yeye, nachukua," alisema. "Ikiwa si yeye, hata usinifungie."

Fundi alielewa. Sebule ile ingejaa watu wa bonde zima, na karibu kila mmoja alikuwa na marehemu wake. Picha ikikubalika, angekuwa amepata kazi mpya. Ikikataliwa, alikuwa amemwahidi mkewe kwamba ataenda kufunga maua.

Alichora kwenye chumba cha nyuma cha studio, juu ya ubao, kwa rangi ya mafuta. Ilipokamilika ilikuwa picha ya kupendeza. Ngozi iling'aa, mikunjo imepangwa vizuri kuzunguka macho, na pale masikioni palikuwa na herini ndogo za dhahabu. Mwenye studio aliitazama akasema iko sawa. Mimi pia nilisema iko sawa. Tukaiweka jukwaani, na kando yake ile picha ndogo ya kitambulisho, maana sheria ya pale ilitaka watu waone ulichora kutoka wapi.

Sifa zilikuja za kutosha, zenye sababu na mahali. Halafu akaandika mama mmoja wa nchi ya baridi, mchoraji wa vitabu vya watoto aliyestaafu. Sisi studio tulimwita mama wa theluji. Hakuwa akiandika mara nyingi, na alipoandika hakuwa na haraka. Nilisoma kwanza kimoyomoyo, na fundi akaliona hilo.

"Strungi," akanikumbusha.

Nikamsomea. "Anasema: nimeangalia picha hii pamoja na zako zote za awali. Mkono wako una uhakika, na ngozi unaichora kuliko wengi wetu hapa. Lakini nadhani wote ni mwanamke mmoja. Mwenye kikapu, anayesukwa nywele, anayenyonyesha, na sasa huyu bibi. Nyusi ni zilezile, mdomo ni uleule, shingo ni ileile ndefu. Huyu umemwongezea mikunjo tu. Yule wa kwenye picha ndogo mdomo wake umeingia ndani, na jicho la kushoto limelala kuliko la kulia. Halafu masikio. Ndewe zake zilitobolewa zamani zikavutwa, zinaning'inia karibu na mabega. Kwenye picha yako zimekuwa fupi, na umemvisha herini. Kwa nini?"

Fundi hakuangalia kidole gumba safari hii. Alikuwa anaangalia kioo cha kompyuta.

"Huyo ameona wazee wangapi wa Subukia?"

"Hajaona hata mmoja," mwenye studio akasema. "Ameona hawa wako tu."

"Boss, si wewe mwenyewe ulisema iko sawa?"

"Nilisema iko sawa. Sikusema ni mama ya yule."

"Na hiyo masikio ni heshima," fundi akaniambia mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyeandika. "Siwezi chora mama ya mtu na masikio imening'inia hivyo, watoto wake waketi wakiangalia. Huyo mama yako wa theluji hajui adabu." Akatoka. Kofia yake ilibaki kwenye stuli.

Saa ya chakula cha mchana nilimkuta amesimama mbele ya saluni moja karibu na stendi, akiwa ng'ambo ya barabara kama kawaida yake. Nikasimama naye. Kwenye bango la saluni palikuwa na mwanamke aliyeinamisha kichwa kidogo, nyusi nyembamba, mdomo umechongeka, shingo ndefu. Fundi alianza kutembea, nami nikafuata. Kwenye zahanati palikuwa na mama anayenyonyesha. Kwenye chekechea palikuwa na mwalimu ameshika chaki. Kwenye hoteli ya chai palikuwa na mpishi mwenye sinia la maandazi. Kila tulipofika alisimama ng'ambo na kutazama. Mbele ya yule mpishi alianza kucheka peke yake, mabega yakitikisika.

"Huyu dada ameajiriwa kila mahali hii mji," akasema.

Tuliketi kwenye ukingo wa mtaro akanieleza. Uso ule alifundishwa na mwalimu wake huko Mai Mahiu, mzee aliyekuwa akiandika vibanda vya chakula vya madereva wa malori. Mwalimu naye aliutoa kwenye mkebe wa mafuta ya nywele. Mwanafunzi aliurudia mpaka akaweza kuuchora bila kutazama popote, na siku alipoweza aliambiwa amehitimu. Herufi zilikuwa jambo jingine. Herufi zilipimwa kwa uzi na chaki, mraba kwa mraba, kwa sababu herufi ikipinda mteja ataona.

"Herufi napima," akasema. "Uso sijawahi kupima. Ungepimia nini, na uko kwa mkono tayari?"

Jioni hiyo aliniomba nimchapishie ile picha ya kitambulisho ikiwa kubwa, mchele na yote. Akaichora miraba kwa penseli, akachora miraba mingine kwenye ubao mpya. Halafu akakata kadibodi na kuacha kidirisha katikati, ili aone mraba mmoja mmoja tu. Alichukia kazi hiyo. Alilalamika kwamba hachori mtu, anachora punje za kijivu, na kwamba hata mtoto wa chekechea angemcheka. Lakini aliendelea, na uso ulipoanza kutokea tuliuweka jukwaani ili mama wa theluji auone.

Alijibu kwamba upande wa kulia ni mtu mpya. Upande wa kushoto, kuanzia pembe ya mdomo, yule mwanamke wa zamani amerudi.

Fundi aliinama karibu na ubao. "Ni kweli amerudi," akasema. "Huyu dada hataki kufutwa kazi." Akapangusa shavu lote kwa kitambaa chenye tapentaini, akaanza tena.

Picha ya pili haikung'aa kama ya kwanza. Mdomo ulikuwa umeingia ndani, jicho moja limelala, na zile ndewe ndefu zilining'inia pande zote mbili kama zilivyokuwa kwenye kitambulisho. Mwenye studio alipoiona hakusema iko sawa. Alivua miwani, akaivaa, akarudi kaunta.

Binti wa marehemu alikuja siku ya soko. Fundi alikuwa ameegemeza ubao kwenye kiti cha picha za pasipoti, naye akasimama kando na mikono nyuma. Yule mama aliketi kwenye benchi la wateja na mkoba mapajani, akatazama. Kulikuwa na mteja mwingine aliyekuja kuchukua picha zake. Alizipokea na kuondoka akinyata.

"Huyu ndiye," mama akasema.

Fundi alishusha pumzi.

"Lakini mbona mmemvua kitambaa?"

Fundi alinitazama mimi. Mimi nikaitazama ile karatasi yenye miraba. "Kwa kipande hana kitambaa, mathe," akasema.

"Kwa kipande walimlazimisha. Walimwambia vua, masikio yaonekane. Alirudi nyumbani akalia." Alisema hivyo bila kupandisha sauti. "Masikio yake hata wake za wanawe hawakuwahi kuyaona. Alipookoka, akina mama wengine walienda wakashonwa ndewe. Yeye aliogopa sindano, akaanza kufunga kitambaa. Shambani, kanisani, hata akilala. Sasa nimweke sebuleni hivi, watu wa kanisa wote waingie?"

Picha ya kwanza, ile ya herini, ilikuwa nyuma ya mlango, na nilimwona fundi akiitupia jicho.

"Nifute masikio?" akauliza.

"Usifute. Ni yake. Funika."

Fundi alienda kuchukua brashi. Mama alimweleza rangi: kijani, lakini kijani iliyofuliwa sana, siyo ya dukani. Alimweleza fundo pia, na fundi alipokosea, mama akafungua kitambaa chake mwenyewe akakifunga upya kichwani mbele yetu ili aone. "Hapa chini, kwa shingo. Siyo huko juu kama wasichana." Fundi alifunika ndewe moja, kisha nyingine. Niliona zikipotea chini ya rangi, lakini kitambaa kilijaa pale zilipokuwa, kama kitambaa kinavyojaa kikiwa na kitu ndani. Mama aliinama mbele. Hakulia. Alisema tu kwamba paji la uso lionekane zaidi kidogo, na fundi akapandisha kitambaa.

Rangi ilihitaji siku kadhaa kukauka, kwa hiyo picha ilibaki studio, nasi tukaiweka jukwaani. Niliandika maelezo mafupi ya kilichotokea. Kijana mmoja wa mji mkubwa huko mbali alikasirika. Aliandika kwamba fundi amejisalimisha kwa mteja na kuificha kweli, na kwamba masikio yale yalikuwa sehemu bora ya picha. Fundi aliponisikia nikisoma, alisema niandike kwamba hiyo picha haikai sebuleni kwa huyo kijana. Niliandika.

Mama wa theluji alijibu baadaye. Alisema aliuliza swali juu ya masikio kwa sababu hakujua, na sasa amejibiwa. Juu ya kitambaa asingeweza kujua hata kuuliza. Alisema hahitaji kuambiwa kwamba chini yake kuna masikio. Halafu akaongeza kwamba kivuli cha fundo kimezidi, kinavuta jicho kutoka usoni.

"Hata sasa?" fundi akasema. "Huyo mama hachoki?"

Lakini alinyanyuka, akaniambia nigeuze ubao uangalie mlango, akavuka barabara. Alisimama kwenye duka la mbegu muda mrefu. Aliporudi alichukua brashi ndogo na kupunguza giza la fundo.

Yule mama alikuja kuchukua picha akiwa na kaka yake na blanketi la kuifungia. Kaka aliitazama mara moja, akavua kofia, akaivaa tena, akamwita dada yake kwa kilugha chao akamwambia jambo ambalo sikulielewa. Waliifunga kwa kamba, pembe kwa pembe. Kabla ya kutoka, mama alifungua mkoba akatoa picha ya watu wengi waliosimama mbele ya kiwanda cha kahawa. Ilikuwa kuukuu, imekunjwa katikati. Aliweka kucha kwenye uso mmoja wa mstari wa nyuma, mdogo kama punje ya kahawa yenyewe.

"Huyu ni baba," akasema. "Yeye utamweza?"

Fundi aliichukua akaenda nayo mlangoni, kwenye mwanga. Aliigeuza hivi na hivi.

"Alikuwa anavaa kofia?" akauliza.

"Kofia?" Mama na kaka yake walitazamana, wakacheka. "Tulimzika nayo."